Mchele Ulionuka Moshi

Mwanangu Rehema,

Mchana ulipokuwa unakula uliniuliza, “Mama, wali gani huu mweusi?” Nikakuambia kula kwanza, majibu baadaye. Ukacheka, ukasema leo mama kaunguza. Tangu uzaliwe hujaniona nikiunguza wali, lakini nikakuongezea upawa mwingine. Sasa umetoka na baba yako kwenda kununua mkanda wa sanduku, maana halifungi, na mimi nimebaki na sufuria tupu na daftari lako la zamani la hesabu. Kesho alfajiri unaondoka. Jibu lako ndilo hili, na ni refu, uvumilie.

Mambo ya koti, dawa ya kikohozi na nani umpigie ukifika siyaandiki. Baba yako ameshakuandikia kurasa mbili kwa mwandiko wake wa karani wa gatini, kila kitu na namba yake. Mimi nataka kukuambia jambo nililokosea, kwa sababu mtu niliyemkosea atakuwa amekaa ndani ya gari litakalokupokea huko Minnesota. Si ticha Dona. Ni mama yake.

Wewe Dona unamjua kama ticha aliyekufundisha insha kila Jumamosi bila kutaka hata shilingi, na aliyekutafutia chuo na ufadhili alipokwisha kurudi kwao. Mimi nilimjua kabla yako, na nilianza vibaya. Wakati ule nilikuwa nafanya usafi na kupika kwa Madam Kristin kule mtaa wa Silicon Oasis, siku tatu kwa wiki. Akaniambia, “Rafiki yangu anakuja kufundisha shuleni kwetu. Tumetoka kwenye ziwa moja. Atahitaji mtu, siku zako tatu nyingine mpe yeye.” Basi nikajiandaa kukutana na mzungu mwingine wa nywele za njano. Nikapanda ghorofa ya nne, nikagonga. Akafungua mwanamke wa maji ya kunde, nywele nyeusi kazisuka mkia mmoja, kavaa fulana imelowa, mkononi kashika mopu. Mimi moja kwa moja, “Dada, madam yuko wapi?” Nilidhani ni Mfilipino kaniwahi kazi, na nilikuwa nimekasirika wallahi, moyoni nishaanza kumtukana Kristin.

Akaniambia, “Madam ni mimi. Lakini kama unaitaka mopu, chukua.” Akacheka hadi akaegemea mlango. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Hapa Dubai huo ni ugonjwa wetu sote, na wewe umekulia ndani yake. Mtu akiingia tunamsoma rangi, kisha pasipoti, kisha tunajua mshahara wake, na mara nyingi hatukosei. Kazi moja, meza moja, wa pasipoti ile analipwa mara tatu ya wa pasipoti hii, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo nilipojua Dona ni Mmarekani kweli, mwenye pasipoti ile ile ya Kristin na mshahara ule ule, nikaamua kuwa ni tajiri yule yule. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Nilikuwa nasafisha nyumba zote mbili, na mtu anayefagia chini ya kitanda chako anakujua kuliko ndugu zako. Nyumba zilikuwa sawa hadi vigae. Lakini Kristin alinunua zulia, akanunua pikipiki ya jangwani, sikukuu zikifika yuko Sri Lanka. Mimi haniachi niondoke mikono mitupu. Kile kitanda unacholalia wewe alikitoa yeye, na sikukuu zetu alizikumbuka kuliko baadhi ya Waislamu wenzetu. Namshukuru hadi leo. Dona hana zulia. Ana godoro, meza na vitabu. Sikukuu yupo nyumbani. Nguo zake anazishona zikichanika. Nikamwambia baba yako, “Yule mama bahili huyo, Mungu amnusuru.” Nikawa kwa Kristin nasugua hadi nyuma ya friji, kwa Dona napitisha kitambaa tu, yalla, naondoka.

Hadi siku ile nilipokwenda Oud Metha kumtumia bibi yako wa Tanga pesa za dawa. Nimesimama kwenye foleni ya duka la kutuma pesa, mbele yangu Wanepali, Wakenya, Wapakistani, sote tunanuka jasho la kazi. Nikatupa macho mbele nikamwona Dona kwenye foleni, kashika karatasi yake kama sisi. Nikasema, ala! Mmarekani anatuma pesa nyumbani? Sikuwahi kuona jambo hilo. Kwa Kristin wazazi ndio waliokuwa wanamtumia yeye, zawadi za sikukuu.

Aliponiona hakujificha. Tulipotoka akaninunulia chai ya karaki, tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Nikamwuliza kishamba kabisa, “Madam, kwenu Marekani kuna shida gani?” Akageuza risiti yake ya pesa, akachora ziwa nyuma yake. Risiti hiyo ninayo, iko ndani ya Kurani yangu.

Upande mmoja wa ziwa akachora mji wa kina Kristin. Hospitali, benki, duka kubwa, chuo. Hicho ndicho chuo chako wewe. Upande wa pili akachora kwao. Watu wao ndio wenyeji wa nchi ile kabla ya wazungu, na karatasi za serikali zinawaita Chippewa. Wenyewe wana jina lao, mwache akufundishe kulitamka, mimi ulimi wangu ulishindwa. Akaniambia zamani pande zote mbili zilikuwa kwao. Mkataba ukasainiwa, wakabakiziwa kipande. Kisha hicho kipande nacho serikali ikakikata vipande vidogo vidogo, kila mtu na chake. Wako walioghilibiwa wakauza, wako walionyang’anywa kwa kodi ambayo hawakujua wanadaiwa. Sasa hata ndani ya eneo lao wenyewe, nyumba nzuri za ukingoni mwa maji ni za wazungu wanaokuja kupumzika majira ya joto. Ile nyumba ya babu yake Kristin, ambayo picha yake ilikuwa kwenye friji na mimi naifuta vumbi kila wiki, iko hapo.

“Na Kristin anajua?” nikamwuliza.

“Anajua. Tumekua tukiogelea pamoja. Hatulizungumzi.”

Kristin alipotaka kununua nyumba kwao, benki ilimpa mkopo kwa simu akiwa hapa hapa Dubai, nilimsikia akishangilia jikoni. Dona na mshahara ule ule alinyimwa, kwa sababu ardhi ya mama yake inashikwa na serikali kwa niaba yao na benki haikuitaka kuwa dhamana. Na kwao hospitali hakuna, mgonjwa wa sukari kama mama yake anaendeshwa mwendo mrefu kwenda hospitali ya upande wa pili. Pesa alizokuwa anatuma zilikuwa za paa la mama yake, na za mafuta ya gari la kumpeleka hospitali. Huyo ndiye bahili wangu.

Nikataka kumwambia, basi ninyi ni kama sisi. Nikalitoa kabisa neno hilo. Akatikisa kichwa, akasema kwa upole, “Ninyi mmekuja hapa kutafuta, na mna kwenu pa kurudi. Sisi tulikuwa nyumbani, wakatufuata.” Jibu hilo nimelikumbuka kila ninapojisikia kulia juu ya maisha yetu ya chumba kimoja hapa Deira.

Sasa nije kwenye mchele, nisizunguke.

Mwaka wake wa pili, shule zimefungwa kwa sikukuu, Dona alikwenda siku nne Muscat na walimu wenzake. Jengo lilikuwa limeingiwa na sisimizi, akaniomba nisafishe makabati yote. Na mimi baada ya ile chai nilikuwa nafanya kazi kwake kwa moyo. Nyuma ya kabati la juu nikakuta mfuko wa kitambaa, hauna jina wala bei. Nikafungua. Vitu vyeusi, virefu, vyembamba, vinanuka moshi. Rehema, mimi mtoto wa Tanga. Nimefundishwa kuchambua mchele kwenye sinia kabla sijajua kusoma, na cheusi kwenye mchele kinatupwa, khalas. Nilidhani mavi ya panya, nikachukia, kisha nikadhani ni nafaka iliyonusurika kwenye moto. Sikuuliza. Nikatoka hadi koridoni, nikafungua lile tundu la taka la jengo, nikaumimina wote. Nilisikia unavyoteremka kwenye bomba ghorofa nne.

Aliporudi alikuwa na furaha, anataka kumpikia Kristin chakula cha kwao siku yake ya kuzaliwa. Akapanda kiti, akapapasa kabatini. “Mama Rehema, mfuko wangu wa mchele uko wapi?”

Mchele! Uso wake tu uliniambia nimefanya nini. Na hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, mwanangu, si kwenye kutupa. Kutupa nilitupa kwa ujinga. Lakini nilipoulizwa nilikuwa na akili zangu timamu, nikasema, “Uliota ukungu, Madam. Ulikuwa umeharibika.”

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo, baba yako miezi ile alikuwa hana kazi. Lakini niliona aibu zaidi. Mimi ambaye pilau yangu inaombwa Deira nzima, nimeshindwa kuutambua mchele! Sikutaka kuonekana mshamba. Kwa ajili ya hicho kitu kidogo hivyo nikasema uongo.

Dona hakunigombeza. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, akampigia mama yake. Akaweka spika, kwa hiyo nilisikia. Nilikuwa naosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alipomwambia, yule bibi akasema maneno machache ya lugha yao kwa sauti ya chini. Dona akakata simu, akaniambia, “Mama anasema basi hakuukaanga vizuri. Anasema mikono yake imeanza kuzeeka.”

Ndipo akanieleza. Ule haulimwi. Unaota wenyewe ndani ya maji ya lile ziwa, na watu wake wanauvuna kwa mtumbwi, mmoja anasukuma, mwingine anauinamisha kwa fimbo na kuugonga, punje zinaangukia ndani. Wanauanika, wanaukaanga kwenye sufuria kubwa la chuma juu ya moto wa kuni, mtu anageuza bila kupumzika. Kisha unakanyagwa maganda yatoke, unapepetwa. Mwenye mkono mzuri wa kukaanga, mchele wake unakaa miaka. Mwenye mkono mbaya, unaota ukungu. Na mama yake alikuwa ndiye mkaangaji ambaye upande ule wote wanampelekea mchele wao. Kwenye maduka ya mji wa kina Kristin upo mweusi kama huo, lakini wa kulimwa mashambani na kukaangwa kwa mashine, bei rahisi, na mfukoni wamechora picha ya Mhindi Mwekundu mwenye manyoya kichwani. Yule bibi alikuwa anajivunia kwamba wa kwake haufanani na huo.

Nilisimama pale mikono ina povu. Ningeweza kusema. Maneno matatu tu. Nikasema, “Pole, Madam,” nikaendelea kuosha.

Miezi ikapita. Mwalimu mmoja akaja kutoka kwao na kifurushi, safari hii kidogo, na jina juu yake lilikuwa langu mimi. Ndani mchele, na karatasi. Yule bibi ameandika, kwa mama anayemtunza binti yangu, unisamehe ule wa kwanza, huu amekaanga mpwa wangu, mimi nimempa sufuria langu, mikono yangu haiaminiki tena. Nilisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi, nikakaa chini palepale. Nilikuwa nimemnyang’anya mwanamke mzee kazi yake, kutoka jikoni Silicon Oasis, kwa sentensi moja.

Sikuupika. Ningeupikaje? Nikauficha kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya viungo. Umelipita kopo hilo maelfu ya mara. Na tangu hapo Dona hakuletewa tena mchele, ndiyo maana hukuuona mezani kwake.

Kisha wewe ukaanza kwenda kwake. Unakumbuka? Umetimiza miaka kumi na tano, Kiingereza chako cha shule kinakusumbua, nikamwomba Dona akutazamie insha moja. Akakutazamia kwa miaka miwili. Kila Jumamosi ninyi mmeinamisha vichwa, yeye na kalamu yake ya kijani, wewe unabishana naye kama wakili, na mimi jikoni moyo unaniuma kwa raha na kwa aibu, vyote pamoja, siwezi kuvitenganisha. Alipoondoka kwenda kumwuguza mama yake, nilimsindikiza uwanja wa ndege nikiwa na nia ya kumwambia. Nikamkumbatia, nikalia, nikarudi nayo nyumbani.

Na hakutuacha. Amekaa na wewe kwenye simu usiku wa kwao, mchana wa kwetu, amejaza fomu, amemwendea mkuu wa chuo kwa miguu yake. Kristin naye akaandika barua ya kukusifu, na wazazi wake wamesema Jumapili utakula kwao. Nenda ukale. Ni watu wema, uwashukuru kwa ajili yangu. Ila ukikaa kwenye ile baraza yao ukatazama maji, ujue umekaa wapi. Si lazima useme kitu. Na ukivuka upande wa pili, usiende na sura ya kuwahurumia. Wana shule yao, wana zahanati yao, watoto wanafundishwa lugha ambayo bibi yule alichapwa shuleni kwa kuizungumza. Mimi niliwahi kumhurumia Dona siku moja kwa uso, akaniambia nimpe mopu apige deki mwenyewe.

Nilivyoanza barua hii nilikuwa na mpango. Nilitaka kukutuma. Nilitaka ufike, umshike yule bibi mkono, umwambie mama yangu aliutupa ule mchele mzima mzima, haukuwa na ukungu, mikono yako haikukosea. Nimefika hapa nikaona ninafanya yale yale. Naosha vyombo safi, namwachia mtu mwingine aseme. Tena mwanangu mwenyewe, siku yake ya kwanza ugenini! Nikaweka kalamu, nikampigia Dona simu ya video.

Kwao ilikuwa asubuhi, nywele hajazisuka. Alidhani kuna tatizo la viza. Nikamwambia yote, kwa Kiingereza changu kile kile, bila kupumzika, nisije nikarudi nyuma. Hakucheka. Akaniuliza, “Muda wote huu?” Nikasema muda wote huu. Nikasikia anavuta pumzi. Nilijua nimemuumiza. Akasema, “Mwambie mwenyewe,” akampelekea mama yake simu.

Bibi mdogo, miwani mikubwa, amejifunga shali jikoni. Nikarudia. Dona akawa anamfafanulia pale nilipokwama. Nilipomaliza bibi hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliuliza swali moja.

“Ulikuwa unanukaje?”

Nikasema, “Moshi.”

“Si uvundo?”

“Hapana, bibi. Moshi tu. Na kidogo kama majani ya chai makavu.”

Akafumba macho. Kisha akasema, “Basi ulikuwa umeiva.” Dona ndiye aliyelia.

Nikamwambia leo tumeupika wa pili, binti yangu kala sahani mbili, kasema nimeunguza. Hapo akacheka, Rehema, kicheko cha meno mawili matatu. Akasema mwezi ujao mpunga utakuwa tayari ziwani, na sufuria lake kesho lirudishwe kutoka kwa mpwa wake, atake asitake. Kisha akauliza kama binti yangu anajua kupepeta. Ulimi wangu ulishafika kwenye ndiyo. Nikaurudisha. Nikasema, “Hapana, bibi. Amekulia Dubai, mchele anaujua wa mfuko. Lakini atajifunza.”

“Basi mlete,” akasema. Kana kwamba ningekupeleka nyumba ya jirani.

Nimelia kidogo, nimenawa, sasa nipo sawa. Nakushukuru wewe mwanangu, kwa sababu bila safari yako uongo huu ningekufa nao. Nimetoa viatu vyako vya pili kwenye sanduku, nikaweka ungo wangu mdogo, ule niliotoka nao Tanga. Mtakaporudi na huo mkanda mtakuta sanduku limegoma zaidi, na baba yako atasema ungo haumo kwenye orodha yake. Mwambie mama kasema hautoki.

Mama yako,
Mwanahamisi